Maksai Wanne wa Arbia

Rukiyo wa ofisi ya mifugo ameniletea daftari na kalamu mbili. Mbili, kana kwamba mimi ni karani wa mahakama. Anasema wenzake ofisini wanataka habari za mtu wa kwanza kuwalisha ng'ombe wa nyama pumba katika kijiji chetu hapa Garissa. Nikamwambia, kamuulize bibi yako Arbia, ndiye huyo. Akasema, "Ayeeyo," maana kwa Kisomali nami ni bibi yake, "bibi amekufa." Najua amekufa. Mimi ndiye niliyemwosha. Nilitaka tu ajue kwamba amechelewa, na sasa amebaki na mimi Shamso, ambaye sikuipenda habari hii ilipotokea na siipendi kuisimulia.

Lakini nikikataa ataiandika yeye, na ataiandika vibaya. Herufi nilizipata ngumbaru nikiwa na wajukuu tayari. Zikilala upande, nawe lala upande uzisome.

Arbia hakuwa mtu wa mto. Alizaliwa Wajir, kwenye visima, na Billow, ndugu mdogo wa mume wangu, akamwoa huko akamleta kwetu. Alikuja na ngamia mmoja, na nyuma ya ngamia ndama wanne wa kiume aliopewa na baba yake. Juu ya ngamia, badala ya mikeka mizuri na vyombo kama bibi arusi mwenye akili, alipakia hori. Gogo lililochongwa katikati, refu kama mtu aliyelala, la kunyweshea ng'ombe. Tulicheka. Sisi tuna mto Tana. Ng'ombe wetu anainamisha kichwa, anakunywa, anaondoka. Wao kule Wajir huvuta maji kisimani kwa ndoo ya ngozi, huyamimina horini, na kazi yote hiyo huku wanaimba, na ng'ombe hasogei mpaka ausikie wimbo wa nyumba yake. Arbia naye alikuwa na wimbo wake. Sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Nilimwambia hivyo akiwa hai, kwa hiyo simsengenyi.

Billow aliwahasi wale ndama, wakawa maksai, akawakuza kwa ajili ya nyama. Kisha akafa, mwaka wa tatu wa vita, vile vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta. Alikufa kwa homa, si kwa risasi, ingawa mpaka leo kuna wanaobisha. Arbia akabaki na binti wa kunyonya na maksai wanne.

Mwaka wa sitini na saba ukatukuta serikali imeshatukusanya kwenye kijiji cha kulindwa, kama kambi. Seng'enge na miiba kuzunguka, geti moja, askari, kuhesabiwa asubuhi, kuhesabiwa jioni. Ng'ombe walitoka saa tatu wakarudi saa sita, na hawakuruhusiwa kwenda mbali kuliko macho ya askari wa getini. Hebu fikiria, ng'ombe aliyezoea kutembea siku tatu akitafuta majani, sasa anachunga mahali panapoonekana na mtu aliyekaa kwenye kiti. Mwezi wa kwanza nyasi zikaisha. Wa pili ikaisha mizizi. Wa tatu, katikati ya jilaal, kiangazi chetu kirefu, nilimwona ng'ombe akitafuna mkeka wa jirani na mwenyewe ameukalia.

Wengi walikufa. Sitaandika wangapi. Waliokuwepo wanajua.

Sasa nije kwa Olow, mume wangu. Kwetu mwanamume akifa, ndugu yake humwoa mjane ili watoto wasitoke katika ukoo. Ni desturi na mimi siisemi vibaya. Naiona nzuri sana inapotokea nyumbani kwa mtu mwingine. Eda ya Arbia ilipokwisha, Olow akawachukua wazee watatu, wakaenda kukaa kwenye mkeka wake. Nami nikaenda kuwapikia chai, maana ningefanya nini.

"Arbia, njoo kwangu," Olow akasema. "Hapa utakula nini?"

"Nina maksai wanne, shemeji."

"Maksai wenye mbavu ninazozihesabu kutoka hapa nilipokaa."

"Zihesabu vizuri. Ukimaliza uniambie."

Wazee wakaanza kukohoa. Olow hakupenda watu wakohoe alipozungumza. Akasema, "Basi tuwekeane neno mbele ya hawa. Mvua ya gu ikiwakuta maksai wote wanne wamesimama, kaa peke yako, sitakuuliza tena. Akianguka mmoja tu, unahamia kwangu siku hiyo hiyo."

"Nimekubali."

"Binti," mzee mmoja akasema, "ndoa inataka ridhaa yako."

"Ridhaa yangu nimeitoa, adeer," akasema, yaani ami. "Iko kwenye miguu ya maksai."

Chai ya siku ile nilitia chumvi. Wakainywa yote. Nataka ieleweke hapa mapema: sikuogopa mke mwenza. Sikumtaka tu. Na nilikuwa na macho, niliona kwamba wale maksai hawana siku ishirini.

Karibu na geti palikuwa na mashine ya kusaga ya Murithi, mtu wa Meru, mpole, mwenye nyusi nyeupe kwa unga kama za mzee, na hakuwa hata na miaka thelathini. Alikuwa anakoboa na kusaga mahindi ya kambi. Pumba alizirundika nyuma ya banda mpaka upepo ukazipeleka kwenye chai ya askari, wakamwambia akazitupe mtoni. Asubuhi moja anabeba gunia la kwanza, Arbia akasimama mbele yake.

"Wewe natupa hii bumba kwa nini?" Kiswahili chake kilikuwa hivyo, wala hakukionea haya.

"Nani atazila, mama? Hapa hata kuku hakuna."

"Ng'ombe nakula?"

Murithi akaweka gunia chini. "Kwetu mama yangu anampa ng'ombe wake kila siku. Siku hizi mlangoni anapita kwa ubavu. Lakini sikiliza, mama. Loweka kwanza. Kopo moja asubuhi, kopo moja jioni. Wiki ya pili makopo mawili. Na umtafutie kitu kikavu cha kutafuna, hata majani ya paa. Ukimpa nyingi siku moja tumbo linajaa upepo, na huyo umempoteza."

Mimi nilikuwa nyuma yake na punda wangu, nangoja geti lifunguliwe niende kuteka maji. Nilisikia kila neno. Naandika kwamba nilisikia, ili huko mbele usije ukanitetea.

Siku ya kwanza Arbia akaloweka pumba kwenye karai, akawawekea. Maksai wakanusa, wakapuliza, pumba zikamrukia usoni. Kijiji kizima kilikuja kutazama, kwani tulikuwa na kazi gani nyingine? Ng'ombe wetu hajawahi kuandaliwa chakula. Ng'ombe anayelishwa mkononi ni mgonjwa au yatima.

"Anawapikia uji," Olow akasema kwa sauti ya watu wote. "Kesho atawatandikia na kitanda."

Nami nikaongeza, "Abaayo," yaani dada, "wafunge leso shingoni wasijichafue."

Watu wakacheka, na mimi nikajisikia vizuri mpaka jioni. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika alilala chini, akainuliwa na watu watatu, wawili ubavuni na mmoja mkiani. Olow akaja, akamtazama maksai, akatazama mbingu. Hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho. Akarudi nyumbani akaniambia nipange vitu upande mmoja wa kibanda, Arbia apate nafasi.

Nilipanga. Nilivipanga vyote upande anaolala Olow mwenyewe.

Siku ya nne Arbia akaingia ndani kwake, akalikokota lile hori. Alikuwa amelifanya kibao cha kuwekea kuni. Akalisugua kwa mchanga, akamwaga pumba, akamimina maji juu yake mpaka zikawa kama uji mwepesi, akatupia chumvi kidogo. Kisha akasimama kwenye kichwa cha hori, mikono kiunoni, akaimba wimbo wa kisima cha baba yake. Sauti ile ile ya mlango.

Yule mwekundu akainua masikio. Miaka mingi alikuwa ananywa mtoni kama ng'ombe wetu, lakini utoto hautoki. Akaja, mguu baada ya mguu, akatia mdomo horini akitafuta maji ya Wajir, na chini ya maji akakuta pumba. Wenzake watatu wakafuata. Walipomaliza waliramba mti wenyewe, tukawa tunasikia ndimi zinakwaruza. Siku ile hakuna aliyecheka. Mimi nilikohoa.

Basi ikawa hivyo, asubuhi na jioni, wimbo na makopo. Arbia alichomoa majani ya paa lake akawapa watafune katikati, mpaka ukikaa ndani kwake unaliona jua lote. Maksai hawakuanguka. Lakini pia hawakupata nyama. Walikuwa wamesimama kama meza zinavyosimama, na gu ilikuwa bado wiki sita.

Hapa ndipo naingia mimi, na naomba Rukiyo asisome kwa sauti.

Nilikuwa na kibali cha kwenda mtoni na punda kila siku. Njiani, pembeni mwa mji, palikuwa na kinu cha mafuta cha mzee Kerrow. Ngamia wake alikuwa akizunguka amefungwa kitambaa machoni, mti unasaga ufuta ndani ya kinu, mafuta yanatoka huku, na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamuliwa, yanatoka kule. Mashudu Kerrow alimpa ngamia wake. Nilipokuwa msichana niliona ngamia yule anavyong'aa, kiangazi na masika.

"Adeer, nigawie mashudu kidogo," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya kuuliza maswali mengi."

Akacheka, akanipa. "Chukua. Huyu ngamia ameshanishinda unene."

Nikayaficha chini ya madebe ya maji. Nikifika nyuma ya kibanda cha Arbia, punda wangu anajikwaa, kifurushi kinaanguka. Siku ya pili punda anajikwaa pale pale. Wiki tatu nzima punda anajikwaa mahali pamoja, kwenye njia isiyo na jiwe. Arbia hakunishukuru, na angenishukuru ningemkatalia. Siku moja tu tulikutana kwenye foleni ya kuhesabiwa, akasema bila kunitazama, "Abaayo, punda wako anajikwaa sana. Mwangalie kwato."

"Nitamwangalia."

"Usiharakishe."

Mashudu yalifanya kazi ambayo pumba peke yake hazikuweza. Mashimo ya nyonga yakajaa. Manyoya yakalala chini, yakaanza kung'aa. Yule mwekundu akaanza kumsukuma mwenzake horini kwa pembe yake moja. Olow akaacha kutazama mbingu, na watu wote waliokuwa na ng'ombe aliye hai wakaenda kupanga foleni kwa Murithi, naye akawagawia pumba kwa zamu na kumweleza kila mtu kipimo.

Olow hakwenda. Alikuwa amebaki na fahali mweupe mmoja, uti wa mgongo wa zizi lake, na fahali yule sasa alikuwa ngozi iliyotundikwa. Usiku hatukulala kwa kumsikiliza. Lakini Olow angekwendaje kuomba kitu alichokiita uji? Nami sikupanga foleni, kwa sababu nilikuwa nimesema maneno ya leso, na waliocheka walikuwa wananikumbuka. Nikangoja watu waishe, nikaenda kwa Murithi saa nne asubuhi.

"Nipe gunia."

"Gunia zima, mama? Kipimo unakijua?"

"Mimi nimezaliwa na ng'ombe," nikamwambia. "Wewe umezaliwa na viazi."

Akanipa, maskini, na akanisaidia kupakia.

Sikuloweka. Sikupima. Nilimwaga gunia lote mbele ya fahali, kavu. Maana sisi tangu lini tumempimia ng'ombe mdomo? Tunamfungulia malishoni, anakula mpaka ashibe, akishiba analala mwenyewe. Ng'ombe anajua tumbo lake. Ndivyo nilivyojua, na ndivyo alivyojua baba yangu, na kwa majani ni kweli kabisa. Fahali akala kama moto. Alipomaliza akawa na kiu, nikampa maji, madebe mawili, nikajisifu.

Saa nane ubavu wake wa kushoto ulikuwa ngoma. Ukigusa, unalia. Alisimama amepanua miguu, ulimi nje, macho yamemtoka. Olow akaja na kisu.

"Namchinja kabla hajafa," akasema. "Walau tule halali." Lakini alikizungusha tu kisu mkononi bila kuanza, kwa sababu baada ya fahali yule hakuwa na kitu chochote cha kuitwa mali.

Kutoka kwangu mpaka kwa Arbia ni hatua arobaini. Nimekwenda Makka mara moja na safari ile ilikuwa fupi kuliko hii.

"Arbia."

"Naam, abaayo." Alikuwa anasuka kamba.

"Fahali."

"Fahali gani?"

"Unajua fahali gani."

Akaweka kamba chini. "Umempa kiasi gani?"

"Gunia."

"Umeloweka?"

Nikaitazama kamba yake.

"Murithi alisema kopo, abaayo."

"Najua alichosema. Nilikuwepo."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya ufuta ya kupikia na mti wa kuni, dawa ya upepo aliyomuuliza Murithi siku za mwanzo, na akanipita akikimbia. Alipofika akamwambia Olow, "Weka kisu, shemeji. Mpandishe miguu ya mbele kwenye kichuguu." Akamtia fahali ule mti mdomoni, akaufunga kwa kamba nyuma ya pembe ili awe anatafuna tafuna, akaniambia mimi nisugue ubavu kwa ngumi zote mbili. Kisha akamwinua pua akaanza kumimina mafuta, kidogo, kidogo, asije akapaliwa. Kijiji kizima kilikuwa pale, na wale wazee watatu mbele, maana wazee hawakosi.

Na huku anamimina, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Shemeji, lile neno la mkeka."

"Fahali wangu anakufa na wewe unaniletea kesi?"

"Sijasema nitaacha kumimina. Mafuta yanakwenda, unaona. Nakuuliza tu. Akipona fahali, wewe bado utataka kungoja maksai wangu waanguke?"

Olow akamtazama, akawatazama wazee. Wazee wakakohoa. Mimi nilisugua kwa nguvu zaidi na sikuinua kichwa. Hapo fahali akacheua. Ulitoka upepo wenye harufu ya kiwanda kizima cha pombe, ukampiga Olow usoni akiwa amefungua mdomo kujibu. Ukaja wa pili, mrefu, kama gari linalotolewa upepo gurudumu. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Askari wa getini akaacha kiti chake akaja kuangalia.

Olow akajipangusa uso kwa kikoi, taratibu, mpaka watoto wakaacha kucheka.

"Kaa kwako, Arbia," akasema. "Mbele ya hawa wote. Mvua inyeshe isinyeshe, maksai wasimame wasisimame. Sikuulizi tena."

"Ahsante, shemeji."

"Na mimi utaniambia hicho kipimo?"

"Muulize mkeo. Alikuwepo."

Kuna watu walisema nilifanya makusudi, kwamba nilimjaza fahali ili Arbia apate nafasi. Olow mwenyewe aliamini hivyo mpaka anakufa, na aliniheshimu zaidi kwa sababu hiyo, kwa hiyo sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa mjinga tu. Kuandika sentensi hiyo moja kumenichukua zaidi ya miaka hamsini na kalamu ya mtu.

Gu ilianza siku kumi na moja baadaye. Maksai walisimama wote wanne kwenye mvua, yule mwekundu ametoa ulimi. Mnunuzi wa nyama alipokuja akawabonyeza mgongoni kwa kidole gumba, akauliza wametoka malisho gani. Arbia akamwonyesha hori. Akadhani anamdhihaki.

Badala ya maksai alipata mitamba mitatu, na kijiji kilipofunguliwa alitoka getini nyuma ya ng'ombe wake mwenyewe. Watu walimwita Arbia Bumba, na aliitika. Aliolewa tena baadaye kwa hiari yake, wakaachana kwa hiari yake. Kila jilaal alikusanya pumba na mashudu mapema, watu wakiwa bado wanavitupa, na alipimia kwa kopo lile lile mpaka likatoboka. Alikuwa mbishi, mwimbaji mbaya, na hakuwahi kunidai neno la shukrani kwa siku ile, wala mimi kwa wiki tatu za punda.

Alipokuwa anakufa aliniachia hori. Liko nyuma ya nyumba yangu sasa hivi, na hatua chache kutoka hapo amesimama dume mmoja anayenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezuia mvua. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, Rukiyo na wenzako wote wa ofisini, mmekula habari yangu bure. Inukeni. Kesho asubuhi leteni pumba, kopo moja, zimelowekwa tayari, na mashudu juu yake kama mnayapata. Kopo, si gunia. Na mmoja wenu awe anajua kuimba, kwa sababu huyu dume ni wa uzao wa mitamba ya Arbia na kwa sauti yangu amekataa kuja.